Chanzo Kisichojulikana

Wiki hii shuleni wanapaka rangi milango ya mabweni. Ni rangi ya kijani, lakini harufu ya rangi ya mafuta ni moja tu, iwe ya kijani au nyekundu. Jana nilikuwa napita koridoni na ndoo ya maji, harufu hiyo ikaniingia puani, nikasimama pale pale mpaka wenzangu wakadhani nimejikwaa. Sikuwaambia kitu. Mimi si mtu wa kuongea, walimu wanaandika hivyo kwenye ripoti yangu kila muhula, kwa hiyo mambo yangu mengi yanaishia humu kwenye daftari. Hili nalo nimekaa nalo muda mrefu. Acha niliandike.

Nilikuwa darasa la tatu, naishi na Bibi mzaa mama, kando ya barabara ya vumbi inayotoka Mpwapwa kwenda Dodoma. Mama alikuwa Dodoma mjini, anapika kwenye kantini ya ofisi moja, tunamwona mwisho wa mwezi. Nyumba ya Bibi ilikuwa hatua kumi tu kutoka barabarani, ya tofali za udongo, ukuta wa mbele umepigwa lipu na chokaa, na mlango wa mbao wa rangi ya bluu. Mbele ya mlango Bibi alikaa na ungo wa karanga za kukaanga, amezifunga kwenye karatasi za madaftari yangu ya zamani, kwa hiyo watu wa mikoa mingi wamewahi kula karanga kutoka kwenye hesabu zangu nilizokosa. Mabasi yalisimama pale. Hapakuwa na kibao wala banda. Kituo kilikuwa ni Bibi mwenyewe. Konda aliuliza, "Kwa Bibi yupo?" abiria akajibu yupo, basi likasimama, vumbi lake likalifikia kutoka nyuma na kulifunika, halafu mikono ikaanza kutoka madirishani.

Mjomba Yona, mdogo wake Mama, ndiye alikuwa konda wa basi mojawapo. Siku basi likiwa gereji alikuja kulala kwetu, na simu yake ilikuwa na gemu la kuendesha mabasi. Gemu lenyewe lilitengenezwa nchi za mbali huko, barabara zake zina minazi na majaruba ya mpunga, abiria wamevaa kofia ambazo sijawahi kuziona. Lakini Mjomba hakuwa analicheza hivyo lilivyo. Alikuwa kwenye grupu la vijana wanaotengeneza modi, yaani mtu wa kawaida tu, huko kwake, anachora basi la Kitanzania, na rangi zake, na maandishi yake ya nyuma, na honi yake, halafu wewe unalichukua faili unaliingiza ndani ya gemu la wenyewe. Kwenye duka la programu la simu hulipati. Unapewa kwenye grupu.

Kulipata ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Mtandao kwetu ulishika sehemu moja, juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, na hapo pia ukishika simu mkononi unapotea; unatakiwa uiweke chini uondoke. Mjomba aliweka simu ndani ya nusu ya kibuyu, akaiweka kileleni, na mimi nikapewa kazi ya kulinda mbuzi wasije. Nilikaa pale asubuhi mpaka jua la utosi, naangalia mstari mdogo wa kijani ukitambaa. Asilimia kumi na mbili. Asilimia kumi na tatu. Nilikuwa nashindwa kuelewa. Angani hapakuwa na kitu, hata wingu, hata ndege, na bado ndani ya lile anga basi zima lilikuwa linashuka kidogo kidogo kwenye kibuyu cha Bibi. Nilijisogeza pembeni nisije nikalizuia kupita.

Likishashuka ndipo simu inaanza ubishi. Inatoa maandishi: "Programu hii inatoka kwenye chanzo kisichojulikana. Inaweza kudhuru kifaa chako. Ungependa kuendelea?" Mjomba hakuwahi kuyasoma, alibonyeza "Endelea" huku anatafuna. Lakini mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma vizuri, nilisoma kila kitu, hadi mifuko ya saruji. Na hayo maneno yalinitisha kweli. Nilimwona huyo asiyejulikana kama mtu amekaa mahali gizani, anatutazama, na kila Mjomba akibonyeza, tunamfungulia mlango aingie.

Kati ya watengenezaji wote, aliyeheshimika zaidi alijiita Vumbi. Hakuna aliyemjua. Mjomba alisema ni jamaa mmoja wa Dar es Salaam, mwingine kwenye grupu akasema ni fundi wa mabasi yuko Singida, ubishi hauishi. Vumbi hakuwa anatuma sauti, hakuwa anatania, hata salamu hakujibu. Anaweka faili, anaondoka. Na mafaili yake yalifungwa kwa neno la siri ambalo hakumpa mtu. Aliandika swali. Kwa mfano, ukishavuka reli, mkono wa kushoto kuna mashine ya kusaga, imeandikwa nini ukutani? Kama umewahi kupita njia hiyo macho yakiwa wazi, unajua, unaandika, faili linafunguka. Kama hujapita, uombe waliopita. Mjomba alikuwa anashangilia kila akijua jibu, kama amefaulu mtihani wa taifa.

Kipindi hicho hicho walikuja watu wa barabara. Walikuwa wanne, na mashine ya miguu mitatu ambayo mmoja wao aliiinamia kama anachungulia chungu. Walipima kutoka katikati ya barabara mpaka ukutani kwetu, wakaandika, wakanunua karanga, wakamwamkia Bibi vizuri tu. Kisha mmoja akachovya brashi kwenye kopo akachora alama ya X nyekundu ukutani, kubwa kuliko mimi, mkono wa kulia wa mlango. Harufu yake ilikaa ndani ya nyumba siku tatu. Hata ugali ulinukia rangi. Bibi hakuniambia maana yake. Niliwasikia tu watu wazima wakisema lami inakuja, lami inakuja, na kwa jinsi walivyosema nilidhani lami ni mgeni.

Basi, kama mwezi umepita, Vumbi akaweka kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiweka. Siyo basi. Ni barabara. Barabara yetu nzima, Mpwapwa mpaka Dodoma, na ili iingie ilibidi ufute gemu la mwanzo uweke lake alilolibadilisha. Kwenye grupu walichanganyikiwa. Mjomba alifuta picha zake karibu zote kupata nafasi, zikiwemo za binti mmoja wa Kongwa aliyekuwa anatuambia ndiye atakayemuoa, na hakufikiria hata mara mbili. Siku mbili nzima kichuguuni. Lilipomaliza, likauliza swali: ukitoka Mpwapwa, baada ya korongo kubwa la mchanga, kwenye mlango wa bluu, unanunua nini?

Mjomba aliangalia simu, akaniangalia mimi, akaangalia simu.

"Karanga," nikasema.

Akaandika. Likafunguka.

Sijui niielezeje hiyo saa. Tulikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, Mjomba akawasha basi stendi ya Mpwapwa, na stendi ilikuwa yenyewe, na ile sehemu bodaboda wanapokaa kusubiri. Tukatoka. Milima ikaja, ile ya mawe yaliyobebana, kila mlima mahali pake. Ikaja migunga, na udongo wetu mwekundu, na kipande kile chenye mawimbi ambacho basi hutetemeka mpaka meno yanagongana, na simu nayo ikatetemeka mkononi mwa Mjomba. Yeye anayepita pale kila siku alikuwa anapumua kwa mdomo kama mtoto. Likaja korongo, na mchanga wake mweupe. Tukapanda. Na upande wa kulia nikaona mlango wa bluu.

Ilikuwa nyumba ya Bibi. Ndogo, imepinda kidogo bati la mwisho, kama lilivyopinda kweli tangu upepo ulipolipiga. Mbele yake kibao kimeandikwa KWA BIBI. Nikageuza shingo nikatazama ukuta niliouegemea, kisha nikatazama simu, kisha ukuta. Nilishika lipu kwa kiganja kuhakikisha ipo. Nadhani mtu akikuta uso wake umechorwa kwenye nyumba asiyowahi kuingia ndiyo anajisikia hivyo. Sisi hatukuwa watu wa kujulikana. Kwenye ramani ya shuleni hata kijiji hakipo. Na mahali fulani kulikuwa na mtu anayejua bati letu limepinda wapi.

Na kando ya mlango, kwenye simu, ilikuwepo X nyekundu.

Hapo ndipo akili yangu ya darasa la tatu ilipounganisha mambo. Wale watu wanne walikuja wakapima. Baada ya kupima, barabara ikatokea ndani ya simu. Kwa hiyo walikuwa wanapimia gemu. Vumbi ndiye mkubwa wao, wao ni vibarua wake, na hiyo X ni yake. Jioni ile nilimuuliza Mjomba X maana yake nini, akanijibu bila kunitazama kwamba nyumba itavunjwa, barabara inapanuliwa, Bibi amepewa muda wa kuhama, eneo la nyuma lipo, atajengewa. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Mimi nikasikia jambo moja tu. Kama Vumbi ndiye ameiweka, Vumbi anaweza kuifuta.

Mimi nilikuwa mtoto ambaye akitumwa dukani anakaa nje mpaka wateja wote waondoke ndiyo aingie. Lakini Mjomba alipokwenda kuoga, nilichukua simu nikapanda kichuguuni, nikabonyeza pale anapobonyezaga yeye, nikaongea kwa kunong'ona: "Shikamoo Vumbi. Mimi ni mjukuu wa Bibi wa mlango wa bluu. Naomba ufute X kwenye nyumba yetu. Bibi hana kosa. Samahani kwa usumbufu."

Grupu lilimla Mjomba mzimamzima. Wakamwita Baba Samahani. Mmoja akarekodi sauti anaiga, eti na yeye naye ameonewa, Vumbi amfutie matuta ya kwao. Mjomba alikuwa mwekundu macho, akaniambia nimemdhalilisha mbele ya watu mia mbili, nikajificha nyuma ya pipa la mahindi mpaka chakula. Vumbi, kama kawaida yake, hakujibu.

Ila baada ya siku chache akaweka faili jipya, dogo. Maelezo hayakuwepo. Mjomba alilishusha kwa mazoea, akaliingiza, tukaendesha mpaka pale. Mlango wa bluu upo. Kibao kipo. Ukuta mweupe, msafi, hauna kitu.

Nilikimbia kwa Bibi nikamwambia imefutwa. Hakuelewa, anaanika mlenda. Sikusubiri aelewe. Nilichukua gunzi, mchanga na maji ya kopo, nikaanza kusugua ukuta wa kweli ufanane na wa kwenye simu, maana niliona huko juu kazi imeshamalizika, bado huku chini tu. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Rangi ilitoka, lakini ilitoka na lipu, na nilipokaa pembeni kuangalia, X bado ilikuwepo, sasa imechimbwa, kama mtu ameiandika kwa jembe. Nikaizibia majivu.

Mwenyekiti wa kijiji alifika kesho yake, na shati lake la mikutano. Alikuwa mtu mpole, kilichomleta ni uoga wa kuulizwa. Akamwamkia Bibi, akazunguka ukuta, akauliza alama ya serikali imeondolewa na nani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, naona vidole vyangu vimefungwa kitambaa.

Bibi akamwambia, "Mvua."

"Mvua gani, Bibi, kiangazi hiki?"

"Ilinyesha kwangu peke yangu."

Mwenyekiti akanunua karanga, akaondoka. Kabla ya wiki kuisha watu wa barabara walikuja na kopo jingine wakachora upya, juu ya majivu yangu, na ile harufu ikaingia ndani tena. Ndiyo hiyo harufu ya jana.

Walipoondoka, Bibi aliniita, akafungua kitambaa akaangalia vidole, akataka aambiwe yote. Nikamweleza. Akamwambia Mjomba amwonyeshe hiyo nyumba isiyo na alama. Bibi alikuwa hajawahi kushika simu ya kioo. Aliishika kwa mikono miwili kama sahani yenye mchuzi. Alitazama muda mrefu. Mjomba alikuwa anajaribu kumweleza kwamba ni mchezo tu, Mama, mtu kachora, lakini Bibi aliuliza swali moja: huyo aliyechora anajuaje bati langu limepinda? Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi, kwa sababu niliona kwamba Bibi sasa yuko upande wangu.

Sikujua kitu nilichokifanya. Majirani waliochorewa X walikuwa wanashusha bati, wanang'oa fremu, wanatoa boriti, ili siku tingatinga likija liangushe udongo mtupu. Bibi alikuwa ameshaanza kufunga vyombo. Akaacha. Siku zinakwenda, bati liko juu, mlango uko mahali pake, Mjomba anabembeleza, Bibi anasema ngoja kwanza. Halafu asubuhi moja akavaa kanga yake mpya, akasema twende Mpwapwa. Anataka rangi ya bluu. Mlango umepauka, hauwezi kukaa hivyo.

Duka la vifaa vya ujenzi alilolijua Bibi lilikuwa la familia moja ya Kihindi waliokuwa Mpwapwa tangu babu zao. Mzee mwenyewe alikaa mbele na kalamu sikioni, na nyuma, kati ya mabomba na masanduku ya misumari, alikuwepo binti yake na kompyuta ya kutolea risiti. Nilikuwa namfahamu kwa sura, wote walimfahamu, Dada Sakina, mwenye miwani na mtandio, yule asiyeinua macho. Ukimuuliza bei anakuandikia kwenye karatasi. Bibi akawa anabishana na Mzee kuhusu kopo dogo na kopo kubwa, na mimi kwa kukimbia watu nikajisogeza pembeni, pembeni, mpaka nikawa nyuma ya kaunta.

Kwenye kompyuta hapakuwa na risiti. Kulikuwa na nyumba ya Bibi, kubwa kama dirisha. Ilikuwa inazunguka taratibu, haina ardhi chini yake, naona hadi mgongo wake.

"Ni kwetu," nikasema. Ilinitoka tu.

Dada Sakina akageuka haraka, mkono ukaenda kufunika kioo. Akanitazama. Kisha akasema polepole, "Sema tena."

"Ni kwetu."

"Wewe ndiye wa 'samahani kwa usumbufu'."

Nilikuwa nimemtafuta Vumbi kwenye giza, na mashine ya miguu mitatu, na watu wanne chini yake, na kumbe yuko hapa kati ya misumari na ana viatu vya wazi. Aliniambia kwamba kila wakienda Dodoma kuchukua mzigo na baba yake anakaa dirishani anapiga picha, kwenda upande mmoja, kurudi upande wa pili, miaka yote hiyo, na usiku duka likifungwa anachora jiwe kwa jiwe. Na kwamba tangu hajaanza shule ananunua karanga kwetu, dirishani, anatoa mkono tu. Nikamuuliza kwa nini kwenye grupu hajitaji jina, wote wanamsifia.

"Wakijua ni mimi," akasema, "wataanza kuniongelesha."

Nilikuwa sijui kama kuna mtu mwingine mwenye hiyo hali. Na mtu mzima. Na ametengeneza barabara ya kutoka Mpwapwa mpaka Dodoma, na milima yake, bila kumwambia mtu. Nilimtazama mikono.

Halafu nikauliza nililokuja nalo moyoni. "Kwa hiyo hawatavunja? Umefuta."

Akavua miwani, akaifuta kwa mtandio, akaivaa. "Mimi sipimi barabara, mdogo wangu. Mimi nachora ninachokiona. Niliiona X nikaichora. Ukaniomba nikaifuta, maana huko naweza. Ukutani siwezi. Hao watu hata siwafahamu."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na kopo la rangi ya bluu. Sijui alifika saa ngapi. Dada Sakina akainuka, akamwamkia, kisha akaongeza na "Mbukwa," kwa Kigogo chake cha dukani, na Bibi akaitikia, lakini macho yalikuwa kwenye kompyuta.

"Hii rangi ni ya nini, Bibi?"

"Ya mlango."

Dada Sakina alikuwa mtu wa kuandika bei kwenye karatasi. Nilimwona anatafuta karatasi, kweli, mkono ukapapasa meza. Kisha akaiacha. "Bibi, mlango unang'oka. Ukuta haung'oki. Nakuomba uung'oe mapema, na bati. Watu wa tingatinga wameshafika korongoni, nimewaona juzi."

Nilisubiri Bibi alie, au anigombeze. Badala yake alivuta ndoo ya plastiki ya kuuza, akaigeuza, akaikalia mbele ya kompyuta kama anavyokaa mbele ya mlango wake.

"Mbona hujaweka jiwe?" akauliza.

"Jiwe gani, Bibi?"

"Langu. La kukalia. Liko kushoto. Unadhani nakaa hewani?"

Dada Sakina akaliweka. Bibi akasema hapana, kubwa zaidi, na lina bapa upande wa juu. Akalibadilisha. Bibi akasema banda la kuku liko wapi, na moshi unatokea pale juu ya jiko, siyo hapo, na kamba ya kuanikia inatoka kwenye msumari huu mpaka kwenye mti ule. Binti alikuwa anabonyeza, haongei, Bibi anaelekeza kwa kidole kilichobaki na vumbi la karanga kwenye kucha. Wateja walikuja wakarudi. Mzee aliita mara mbili, akaacha. Nilisimama kati yao. Nyumba ambayo ilikuwa picha ya nje tu, ya kupita na basi, ilikuwa inajaa, inakuwa na watu ndani yake, na aliyekuwa anaijenga ni Bibi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa hajui kompyuta inawashwaje.

Mwisho akauliza, "Na hapo watu wanapita?"

"Wanapita, Bibi. Hadi wa Mwanza, hadi wa Mbeya."

"Wanasimama?"

"Kuna kibao. Wanasimama."

"Basi weka na ungo," Bibi akasema. "Wasisimame bure."

Tulirudi na kopo la rangi. Kesho yake Mjomba alipanda juu akashusha bati, na lile lililopinda likiwemo. Bibi mwenyewe aliung'oa mlango, hakutaka mtu amsaidie, akaulaza chini ya mti akaupaka bluu, mkono wa kwanza, mkono wa pili, wakati nyumba nyuma yake haina paa. Tingatinga lilifika siku ya nne. Lilichukua muda mfupi kuliko kukaanga ungo mmoja wa karanga. Bibi hakuangalia, alikuwa anafungua fundo la kamba ya kuanikia, alisema kamba ni nzima bado. Mimi niliangalia. Kilichonishangaza ni jinsi ukuta ulivyolala kwanza mzima mzima, na X yake juu, ikitazama mbinguni, kabla ya kuwa vumbi.

Sasa lami ipo, mabasi yanapita mbio, kituo kimehamishiwa mbele na kina jina lingine kwenye kibao. Nyumba mpya iko nyuma, mbali kidogo, na mlango ule ule. Lakini Mjomba aliniambia kwenye grupu wale wale waliomwita Baba Samahani walianzisha desturi, na hakuna aliyewaamuru: ukifika kwenye mlango wa bluu unasimamisha basi, unafungua mlango wa abiria, unapiga honi mara mbili, unaondoka. Hata kama huna abiria. Wapo vijana wa Mwanza wanaofanya hivyo ambao Mpwapwa hawajawahi kufika.

Likizo iliyopita Mama alinipa simu yake ya zamani. Nikachukua memori kadi ya Mjomba, nikaliingiza lile faili, Bibi amekaa karibu yangu anapepeta karanga. Simu ikakataa, ikatoa maandishi yake, safari hii yamezungushiwa nyekundu.

"Inasemaje?" Bibi akauliza.

"Inasema aliyetengeneza hajulikani. Eti anaweza kutudhuru."

Hakuinua macho kwenye ungo. "Iambie namfahamu. Ni binti wa duka la misumari. Nimemuuzia karanga tangu ana meno ya utoto."

Simu haina mahali pa kuiambia hivyo. Ina "Ghairi" na "Endelea" tu. Nikabonyeza "Endelea," Bibi akasogeza ungo kupisha magoti yangu, tukainamia kioo kusubiri mlango wa bluu utokee, na mlango wenyewe uko wazi nyuma yetu.